Dume Mzee Bado Ana Kazi

Juzi tulikuwa msibani Ifakara, tumekaa mkekani tunasubiri ubwabwa, kijana wa dada yangu akaniuliza kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari: "Mjomba, hawa watalii wa kuwinda si wanapiga madume wazee tu? Wameshamaliza kazi yao hao, wangekufa tu." Wazee wawili pembeni wakaitikia kwa vichwa. Maneno haya nimeyasikia kwenye semina, kwenye vikao vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, kwa wawindaji bingwa wenyewe, na mwaka jana kwa mtu mwenye shahada ya wanyamapori, ambaye nilitamani nimrudishe darasani kwa sikio. Kijana sikumjibu, ubwabwa ulifika. Namjibu hapa.

Kanuni zenyewe mnazijua: kitalu cha kuwindia kina mgawo wa wanyama wa kupigwa, majike hawapigwi, askari wanyamapori lazima aambatane na mgeni, hupigi ukiwa ndani ya gari, tembo pembe iwe na kilo 20 au urefu wa sentimita 160, simba awe na miaka sita. Sikai hapo. Ninachotaka ni hiyo sita.

Watu wanadhani sita ni umri wa uzee. Simba wa miaka sita ni mzee kama mimi nilivyokuwa mzee siku niliyooa. Ndiyo kwanza ana kifua, ana kundi, ana majike. Hesabu iliyozaa kanuni yetu ilichapishwa mwaka 2004 na watafiti Karyl Whitman, Craig Packer na wenzao, kwa kumbukumbu za miaka mingi za simba wa kaskazini, na haikusema hata kidogo kwamba dume wa umri huo hana faida. Ilisema kitu kingine. Dume hujipatia kundi akiwa na miaka minne au mitano hivi. Akiingia, anaua watoto wa aliyemtangulia. Majike wanarudi kwenye joto, wanabeba mimba siku 110, wanazaa. Hao watoto wanahitaji baba awepo kwa karibu miaka miwili, si kwa kuwalisha bali kwa kuzuia dume mwingine asije akafanya alichofanya yeye. Jumlisha mwenyewe. Aliyeingia na miaka minne, akifika sita na ushee watoto wake wa kwanza wanaelekea kujitegemea. Sita maana yake ni kwamba *huenda* ameshakuza uzao mmoja. Ukimtoa hapo, kwa wastani, kundi halianguki.

Kwa wastani! Aliyechelewa akapata kundi na miaka mitano na nusu, ukimpiga akiwa na sita halali kabisa, leseni safi, picha nzuri, umeua na watoto wake wote wanaonyonya. Hutawaona. Watauawa na dume mgeni atakayeingia wiki mbili baadaye, wewe uko ndegeni. Na akiwa na ndugu yake, maana madume wengi hushika kundi wawili au watatu, aliyebaki peke yake hadumu. Kwa hiyo ukiniambia "amemaliza kazi", nakuuliza: ulihesabu watoto?

Halafu kuna suala la kumjua huyo wa sita. Mgeni anaangalia manyoya ya shingo. Manyoya! Manyoya yanaeleza lishe, homoni na hali ya hewa kabla hayajaeleza umri. Dume wa miaka minne wa sehemu za baridi anaweza kuwa na manyoya meusi kama kanzu ya hakimu, na dume wa miaka minane wa Selous akaonekana kama kanyolewa na kinyozi mlevi. Ndiyo maana tulifundishwa kuangalia pua. Pua ya simba kijana ni ya waridi, madoa meusi yanaongezeka mwaka hadi mwaka, na ikipita nusu tunamhesabia mitano au sita. Maelezo matamu. Sasa kaa kwenye kibanda cha kuvizia, paja la kiboko linaning'inia mtini limeshaanza kunuka, jua linazama, dume ana damu ya chambo mpaka machoni na kovu la makucha juu ya pua, mgeni ana siku 21 tu na leo ni ya 19, na unaulizwa kwa kunong'ona: "Nusu au si nusu?" Nimewahi kusema nusu. Baadaye fuvu lilipigwa eksirei, maana uwazi wa ndani ya jino huzibika kadiri mnyama anavyokua, na jino likasema hapana. Sijasahau.

Tembo ndiye anayeniudhi zaidi, kwa sababu hapo hata kisingizio cha wastani hakuna. Dume wa tembo huanza kuwa na vipindi vya kweli vya kutafuta majike, vile vya maji kumtiririka shavuni na kunuka toka mbali, akikaribia miaka thelathini. Utafiti wa Amboseli, Kenya, ulioanza mwaka 1972, unaonyesha wanaozalisha zaidi ni wa miaka arobaini na kitu hadi hamsini na kitu. Huyo "mzee" ndiye bwana harusi. Na ana kazi nyingine isiyo na mgawo wowote. Pilanesberg, Afrika Kusini, walipeleka tembo wachanga yatima bila wakubwa wao. Walipobalehe waliua vifaru zaidi ya 40 kati ya mwaka 1992 na 1997. Mwaka 1998 wakaletwa madume sita wakubwa kutoka hifadhi ya Kruger. Vijana wakanywea, mauaji yakakoma. Semina haikuhitajika.

Ndiyo maana yale ya Enduimet, eneo letu la mpakani na Kenya, yaliyoanza Septemba 2023, yalinikera kwa namna yangu. Tembo wasiopungua watano waliozoea kuvuka kutoka Amboseli walipigwa upande wetu, wakiwemo wenye pembe za kugusa ardhi, baada ya karibu miaka thelathini ya maelewano ya mdomo kwamba wale hawaguswi. Wakenya walipiga kelele, sisi tukajibu sheria haikuvunjwa. Kweli, haikuvunjwa! Kilo 20 ni kima cha chini. Kanuni inayosema "pembe iwe kubwa" haimlindi mwenye pembe kubwa kuliko wote, inakuonyesha aliko.

Sasa ndugu zangu wa upande wa pili, mnaopinga uwindaji, msishangilie. Anayesema watalii ndio waliomaliza tembo wetu naye simwelewi. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo kama 109,000, na mwaka 2014 tukahesabu 43,000 na kidogo. Wale walikwenda kwa ujangili, kwa bunduki zisizo na leseni wala mgawo. Na Kenya walifunga uwindaji tangu 1977, wanyama wao nao wamepungua vibaya. Kufunga hakukuwaponza, ila hakukuwaokoa pia.

Nina mashaka yangu. Nimekaa kwenye vikao ambapo mgawo wa simba ulipangwa kwa kuangalia mgawo wa mwaka uliopita, mtu akaongeza mmoja, mtu akapunguza mmoja, chai ikaletwa. Packer na wenzake mwaka 2011 walipendekeza simba mmoja tu kwa kila kilomita za mraba 2,000 nje ya Selous, na maeneo yaliyowindwa kwa nguvu zaidi ndiyo yaliyoporomoka haraka zaidi. Naamini hesabu yao kuliko ya chai.

Lakini kuna kitalu nilichokifanyia kazi miaka ya nyuma, miombo mitupu, mbung'o wa kukutoa machozi, hakuna mtalii wa kamera angekaa hata usiku mmoja. Baada ya Marekani kusimamisha uingizaji wa nyara za tembo wetu mwaka 2014, mwenye kitalu alikirudisha. Nilipita pale kiangazi kimoja. Nilihesabu mazizi saba kando ya mto na matanuri ya mkaa sikuyahesabu. Unyayo wa simba sikuuona, wala alama ya gari la mwindaji. Hilo, mjomba wangu, ndilo ungeniuliza msibani, na ubwabwa ungepoa.