Ramani ya GIS si ripoti ya udongo

"Ya nini kuchimba mashimo ya kupima udongo, na ramani ya udongo iko kwenye kompyuta?" Swali hili huulizwa Kisumu, huulizwa Nakuru, na aghalabu anayeuliza ameshaleta kokoto kwenye ploti.

Ramani hiyo, hata ikiwekwa kwenye GIS (programu za ramani za kompyuta), ilichorwa hasa kwa ajili ya kilimo. Ile ya Kenya nzima ya mwaka 1982 ina skeli ya 1:1,000,000, yaani milimita moja ni kilomita nzima. Ukiikuza kwenye skrini hupati kipya. Data za SoilGrids, ramani ya udongo ya dunia nzima, zina pikseli (viraba) za mita 250 kwa 250. Pikseli moja inameza ploti zaidi ya 130 za futi hamsini kwa mia, na zote zinapewa jibu moja. Jibu lenyewe linakomea mita 2 kwenda chini. Halisemi udongo utavimba kiasi gani ukilowa, wala utabeba mzigo kiasi gani.

Nenda uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, wakati wa kiangazi: udongo mweusi umepasuka, nyufa zinaingia mkono. Ramani itakuambia hapo pana mfinyanzi unaovimba, na huo ni msaada mkubwa. Unene wake haikuambii. Ukiwa mita moja, unauondoa wote na kushindilia maramu. Ukishuka mita nne, msingi unabadilika na bajeti pia. Kati ya mashimo mawili unaweza kupita mkondo wa kale wa mto uliofukiwa, na programu, ikikisia kilichopo kati ya mashimo, itapaka rangi laini juu yake kana kwamba haupo. Rangi hiyo ni makisio. Kila ramani ya aina hiyo ionyeshe mashimo yenyewe kwa nukta. Isipoonyesha, irudishe kwa aliyeichora.

Kazi ya GIS ni kupanga pa kuchimba. Weka pamoja miamba, mteremko, mikondo ya maji na mashimo ya zamani, kisha chagua. Kwa jengo la ghorofa, mashimo yapishane mita 15 hadi 40, na yashuke chini ya msingi angalau mara moja na nusu ya upana wake.

Kuna dhana tatu za kuacha. "Ramani haina ufa, basi ufa haupo." Nakuru, hasa magharibi mwa mji, majivu ya volkano yamefunika nyufa za kale, na mvua kubwa ikiyasomba ardhi inafunguka. Chora mstari wa nyufa zilizokwisha kufunguka, kisha panga mashimo yaukate mstari huo, yasiufuate.

"Data ya mwinuko yenye pikseli za mita 30 inatosha kupangia mitaro." Kano ni tambarare, na data hiyo hukosea mita kadhaa za kimo. Pima kwa leveli, kifaa cha mpimaji.

"Koordineti ni koordineti." Hapana. Gridi ya ramani ya UTM imegawa dunia katika zoni: mji wa Nakuru uko zoni ya 37, Njoro zoni ya 36. Ukichanganya zoni, shimo linaruka kwenye ramani zaidi ya kilomita 600 na kila mtu analiona. La hatari ni datamu, yaani msingi wa kupimia koordineti: Arc 1960, ya ramani za zamani, kuchukuliwa kuwa WGS84, ya GPS. Hapo shimo linasogea takriban mita 300, linabaki mtaa ule ule au wa jirani, na hakuna anayeshtuka. Jedwali la mashimo liwe na safu ya zoni na ya datamu, zijazwe siku ile ile ya kuchimba, pale pale shimoni.