Kwa nini muhuti huchanua wakati wa ukame?

Pita Arboretum, ile bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka 1907 karibu na Ikulu ya Nairobi, Agosti ikielekea kuisha. Nyasi zimekauka na mvua za vuli bado ziko mbali. Hapo ndipo utaukuta muhuti, ambao wanasayansi huuita Erythrina abyssinica, hauna jani hata moja. Gome lake ni nene, limepasukapasuka, na ncha za matawi zimebeba maua mekundu yanayowaka. Maji ya kuchanua umeyatoa wapi?

Jibu liko kwenye majani uliyoyapukutisha. Mti hupoteza maji yake mengi kupitia vitundu vya majani, vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Majani yakianguka, upotevu huo hupungua sana, ilhali mizizi inaendelea kuvuta unyevu uliosalia chini kabisa ardhini. Taratibu shina linajaa maji tena, na matumba yaliyokuwa yamelala yanafura na kufunguka. Inaniuma kusikia mtu akisema mti wa namna hii umekufa, ukatwe, wakati ndani yake kazi imepamba moto.

Mbali na ikweta, miti mingi hufuata urefu wa mchana. Nairobi tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa mwakani haifiki dakika 10, kwa hiyo maji ndiyo yenye usemi mkubwa. Muhuti ulio bondeni penye unyevu na ule ulio juu penye mawe huenda isichanue katika wiki ile ile.

Kuchanua bila majani kuna faida nyingine: ndege wa chozi huyaona maua kutoka mbali. Huja kunywa nekta, na chavua hunata kichwani na mdomoni mwao, wakaipeleka kwenye ua jingine.

Si miti yote ya asili hufanya hivyo. Mutamaiyu hubaki kijani mwaka mzima, maana majani yake ni membamba na magumu, hayapotezi maji ovyo. Jacaranda, tunaoupiga picha sana kila Oktoba, ni mgeni kutoka Amerika Kusini.

Maua ya muhuti yakishaisha, tazama maganda yake yaliyobanwa katikati ya mbegu na mbegu. Yakipasuka hutoa mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Watoto huzipenda, lakini zina sumu, wasizitie mdomoni.