"Amepata jeshi": mujibu wa sheria ni kitu gani hasa

Kila ikifika mwisho wa Mei, fundi cherehani wa mtaani kwetu huweka pembeni magauni ya watu akashona bukta. Bluu iliyokolea, mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja nyuma, urefu uishie magotini. Vipimo hivyo hakuvibuni yeye. Vinatoka kwenye tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la kuwaita wahitimu wa kidato cha sita, na fundi amelihifadhi kwenye simu yake kama mganga alivyohifadhi tunguri.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikisubiri suruali ipunguzwe, akaingia mama mmoja na binti yake. "Fundi, tupimie bukta mbili. Mwanangu amepata jeshi." Fundi akamwambia hongera, ajira ya serikali hiyo mama, sasa pumzika. Mzee mwingine pale barazani akadakia kwamba chuo cha nini tena, wenye digrii wangapi wanaendesha bodaboda. Binti alikuwa anaangalia sakafu. Yeye alijua.

Sikusema kitu. Suruali yangu ilikuwa mikononi mwa fundi, na mtu hagombani na aliyeshika mkasi. Lakini maneno yale nimeyasikia kwenye harusi, kwenye daladala, na mwaka mmoja hata kwenye mahafali, tena kutoka kwa mgeni rasmi, nikaona bora niandike.

Maana yenyewe ni fupi. Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria ni mafunzo ya miezi 3 ambayo kijana aliyemaliza kidato cha sita Tanzania anaitwa kuyahudhuria, kwenye kambi aliyopangiwa: Ruvu, Makutupora, Mafinga, Oljoro, Bulombora, Rwamkoma na nyinginezo. Huko kuna mchakamchaka, kwata, silaha, somo la uzalendo, na jembe. Akimaliza anakula kiapo, anarudi nyumbani, anasubiri chuo. Mkataba wa kazi haumo. Na wito wenyewe hutoka kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatangazwa, kwa hiyo si zawadi ya waliofaulu vizuri.

Kinachonikera ni neno lenyewe, mujibu.

Limetufikia kutoka Kiarabu, na kule Kiarabuni kuna mujibu wawili ambao sisi tumewabana kwenye tahajia moja. Wa kwanza anavutwa mwanzoni, muujib, na mzizi wake ni w-j-b: kile kinacholifanya jambo kuwa la lazima. Nduguye wa tumbo moja ni wajibu. Wa pili anavutwa mwishoni, mujiib, na mzizi wake ni j-w-b: mwenye kujibu. Huyo ni wa ukoo wa jawabu na jibu, na ndiye aliyeitwa Al-Mujib katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu, anayeitikia dua. Mtoto anayepewa jina la Mujibu amepewa huyo wa pili. "Kwa mujibu wa" imetokana na yule wa kwanza.

Mtu atasema hayo ni mambo ya walimu wa lugha. Subiri. Kijana mmoja wa kidato cha sita, mwenye akili zake timamu, aliwahi kunieleza kwa kujiamini kabisa kwamba mujibu wa sheria maana yake ni majibu: jina lako limepelekwa, sheria imejibu, umekubaliwa. Ukiwaza hivyo, bila shaka utasema "nimepata". Kilichoombwa ndicho kinachopatikana. Lakini yeye hakuomba kitu. Sheria ndiyo imemuwajibisha, kama inavyomuwajibisha baba yake kulipa kodi, na sijawahi kusikia baba akipongezwa kwa kupata kodi.

Lawama nyingine ni ya vyombo vya habari. Siku hizi kila kitu ni kwa mujibu: kwa mujibu wa kamanda wa polisi, kwa mujibu wa mashuhuda, kwa mujibu wa jirani aliyeomba jina lake lisitajwe. Pale mujibu amebaki na kazi ya "amesema" tu. Mashuhuda hawamlazimishi mtu yeyote kitu chochote. Neno likishalegea namna hiyo, anayesoma "kwa mujibu wa sheria" anaona ni kama nukuu, na ule ulazima uliomo ndani humpita. Vijana nao wamemalizia kazi kwa kulikata: "mimi mujibu", "mujibu wapo hanga la pili", yaani bweni la pili la kambi. Mimi kukata maneno sina ugomvi nako, lugha huishi hivyo, ila wamekata mahali palipokuwa na sheria wakabaki na kitu kinachosikika kama cheo.

Halafu kuna jeshi, nalo lina kesi yake. Kwa Kiingereza chombo hiki kimeitwa huduma ya taifa. Hakuna askari kwenye jina. Kiswahili kikachagua jeshi, na haikuwa ajabu, maana kwetu jeshi ni kundi lolote lenye sare, amri na gwaride. Tuna Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Akiba ambalo ndiyo mgambo, na Zanzibar kuna Jeshi la Kujenga Uchumi. Hata Jeshi la Wokovu tunalo, na hakuna anayedhani wanakwenda vitani. Jeshi kwa maana ya kupigana ni JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya askari Januari mwaka huo. JKT lilikuwa limelitangulia, Julai 10, 1963. Ni kweli wanaoongoza kambi za JKT na kufundisha ni maafisa na askari wa JWTZ, hivyo kuruta anayesema "naam afande" anamwambia mwanajeshi wa kweli. Lakini anayefundishwa na daktari hajawa daktari.

Na ulazima huu uliwahi kuuma. JKT lilianza na vijana waliojitokeza wenyewe. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba wasomi nao lazima wapite huko, na kwa sehemu kubwa ya kipindi chao cha miaka 2 wangefanya kazi zao za kawaida wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana Dar es Salaam Oktoba 22 mwaka huo, mmoja wao kabeba bango kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha nyumbani karibu 400, na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu angesimama kando ya maandamano yale akawaambia "hongereni, mmepata ajira", sijui wangemfanyaje.

Utaratibu huo ukaendelea hadi 1994, ukasitishwa kwa sababu ya hali ya uchumi, ukarudishwa 2013 enzi za Rais Kikwete, na baadhi ya wabunge vijana nao wakapelekwa kambini mwaka huo. Hesabu hapo: miaka 19. Mtu aliyemaliza kidato cha sita katikati ya miaka hiyo hakuitwa popote. Leo ndiye mzazi anayepima bukta. Alipokuwa kijana, aliyeonekana mtaani na sare alikuwa ameajiriwa, basi akiona jina la mwanawe kwenye orodha ya jeshi anaelewa kile alichozoea kukiona. Ndiyo maana yule mama simlaumu sana. Mgeni rasmi wa mahafali namlaumu.

Sasa kuna kujitolea, na hapa ndipo mchanganyiko unapogeuka kuwa hasara.

Kijana wa kujitolea ni tofauti na wa mujibu. Huyu ameomba kweli, maombi yake yamepitia ofisi za wilaya na mkoa, amesailiwa, amepimwa afya, na ameingia kwa mkataba wa miaka 2. Anapata mafunzo ya kijeshi kwanza, kisha stadi za kazi: kilimo, ujenzi, ufundi. Neno kujitolea nalo lina vituko vyake, maana ni nadra kuona watu wanaopanga foleni tangu alfajiri, tena wengine wakitapeliwa fedha na madalali, ili tu wajitolee. Kila mtu anajua wanachofuata. Wanafuata nafasi ya kuonekana pale JWTZ, Polisi, Magereza au Uhamiaji watakapokuja kuchukua watu.

JKT lenyewe halifichi. Matangazo yake ya kuwaita vijana wa kujitolea huwa na maelezo kwamba halitoi ajira wala halimtafutii mtu ajira, kwamba mafunzo ni ya kumwezesha kijana kujiajiri mkataba ukiisha. Sentensi hiyo ipo, inasomeka, na inarukwa kama yale masharti ya kampuni za simu. Lakini mtaani kuna sentensi nyingine yenye nguvu zaidi, ya yule aliyechukuliwa. Vijana wa JKT waliojenga ukuta wa Mirerani, kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanaiti, waliahidiwa ajira na Rais Magufuli. Ahadi ya kundi moja ikishasikika, kundi linalofuata huihesabu kuwa kanuni. Aprili 2021 vijana 854 wa kujitolea waliondolewa JKT baada ya kugoma wakidai waajiriwe jeshini. Utovu wa nidhamu, wakasema wakubwa, na kwa sheria za kambi ni kweli. Mimi naona pia ni vijana waliotumia miaka yao ndani ya neno ambalo kila mtu aliwaachia walielewe wanavyotaka.

Anayetaka jeshi kama kazi, njia yake haina fumbo. Atafute tangazo la JWTZ lenyewe, asome umri, elimu na aina ya cheti cha JKT kinachotakiwa, kwa sababu mara nyingine huandikwa wazi kuwa ni cha mkataba wa kujitolea, na wa mujibu akija na cheti chake cha miezi 3 anageuzwa mlangoni. Na aelewe kuna milango miwili. Askari anaingia kuruta, anapanda vyeo kutoka chini. Afisa anapitia Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli akiitwa afisa mwanafunzi, na siku ya kutunukiwa kamisheni, yaani uafisa wenyewe, anatoka luteni usu. (Kamisheni hii si ya dalali wa viwanja, ingawa nimewahi kuulizwa.) Monduli siku hizi inatoa hadi shahada ya sayansi ya kijeshi, na madaktari, wahandisi na wengine wenye taaluma zao huchukuliwa wakiwa tayari wamesoma. Maana yake ni kwamba anayeacha chuo ili "asipoteze jeshi" huenda anaacha hasa kitu ambacho kingefanya jeshi limtake. Kusoma shule yenye jina la kijeshi nako hakumwandikishi mtu: Makongo ni ya JWTZ, Jitegemee ni ya JKT, na wengi waliosoma hapo leo ni wahasibu na wauza vipodozi.

Nilirudi kwa fundi siku ya Ijumaa, suruali ikiwa imepunguzwa mguu mmoja zaidi ya mwingine. Yule mama alikuwepo, anazikagua bukta, anavuta mpira wa kiunoni kuona kama utahimili. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa na fulana ya kijani, raba, soksi nyeusi ndefu na shuka mbili za bluu bahari. Binti amepangiwa Mafinga, nikamwambia anunue sweta na asidharau baridi ya kule. Kisha, kwa sababu safari hii mkasi ulikuwa mezani, nikamuuliza kama ameshaanza kukusanya karatasi za mkopo wa chuo, maana dirisha la Bodi ya Mikopo huwa linafunguka wakati wenyewe wako kambini.

"Cheti cha kuzaliwa nimeshakipeleka RITA kihakikiwe, mwalimu," akasema taratibu. RITA ndio wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo.

Mama yake akageuka. "RITA ya nini tena, na wewe umeshapata jeshi?"

Binti akanitazama. Nikasogea pembeni ya benchi nikapigapiga mahali palipobaki wazi. "Mama, kaa kidogo. Miezi mitatu tu hiyo, Septemba anarudi."