Chora kwanza: jinsi mchoro unavyozaa msimbo wa programu

Anayeanza kujifunza kuandika programu huwa na haraka ya kugusa kibodi. Swali hajalisoma hadi mwisho, mistari ishirini imeshaandikwa, na nusu yake itafutwa kabla ya jioni. Lawama si zake peke yake, maana mafunzo mengi humwanzisha na kanuni za lugha ya programu, mambo ya nukta na mabano, kabla ya kumzoeza kupanga anachotaka kompyuta ifanye. Iko njia nyingine: unaichora programu, unaukagua mchoro, kisha unaiachia kompyuta yenyewe iugeuze mchoro kuwa msimbo, yaani yale maandishi ambayo ungeyaandika kwa mkono.

Wazo lenyewe ni la zamani. Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi wa Marekani chati ya hatua za kazi mwaka 1921, kompyuta za kielektroniki zikiwa bado hazipo. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann walitumia michoro ya mtiririko kueleza namna ya kuipangia kompyuta mahesabu. Siku hizo mchoro ulikuwa wa macho ya binadamu tu. Mtu aliuchora, mtu akautafsiri kwa mkono. Tofauti ya leo ni kwamba mchoro wenyewe unasomwa na mashine, na mashine ikishaanza kuusoma, mstari uliochorwa ovyo ni kosa kama lilivyo kosa neno lililoandikwa ovyo.

Chati mtiririko ndiyo wengi wanayoijua: duara refu la kuanzia, mstatili wa kitendo, msambamba wa kuingiza na kutoa data, almasi ya swali la ndiyo au hapana. Mwaka 1966 Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walithibitisha kwamba maumbo matatu yanatosha kujenga hesabu yoyote ambayo chati inaweza kuieleza: hatua kufuatana, kuchagua kati ya njia mbili, na kurudia. Ndiyo sababu kifaa kama Flowgorithm, yaani programu ya kuchorea chati, hakikuruhusu kuvuta mshale popote utakapo. Unabofya kwenye mstari, unachagua umbo, na umbo linaingia likiwa limekamilika, na njia yake ya kurudi imo. Mwanzoni inaudhi. Lakini ni kizuizi hicho hicho kinachokiwezesha kuigeuza chati yako kuwa msimbo wa Python, Java, C++ na lugha nyingine kadhaa bila kubahatisha. Scratch ya mwaka 2007 na Blockly zimefuata njia hiyo hiyo kwa kutumia vipande vinavyoshikana. Blockly inatoa hata JavaScript na Python kutokana na vipande ulivyopanga. Kwa programu ya kutafuta wastani au kupanga namba, chati inatosha kabisa na sina la kuongeza.

Programu ikikua, chati hugeuka kuwa utando wa buibui. Hapo ndipo inapoingia UML, lugha ya michoro iliyotokana na kazi ya Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa rasmi kuwa kiwango na shirika la OMG mwaka 1997. Toleo lake la pili lina aina 14 za michoro. Usitishike. Kwa programu ndogo utahitaji mbili, na zilizobaki unaweza kuzisoma siku utakapozihitaji, siku ambayo kwa wengi haifiki.

Ya kwanza ni mchoro wa klasi, yaani wa aina za vitu vilivyomo kwenye programu, kila aina na sifa na vitendo vyake. Chukua maktaba: kisanduku kimoja kinaitwa Kitabu, kina kichwa na mwandishi, kingine kinaitwa Msomaji, kina jina na kitendo cha azima(). Kati yao unavuta mstari na kuandika 0..3 upande wa Kitabu, maana msomaji haruhusiwi kukaa na vitabu zaidi ya vitatu. Bonyeza kitufe cha kuzalisha msimbo, nawe utapata klasi mbili zenye sifa zake na majina ya vitendo vyake. Ndani ya azima(), hata hivyo, hamna kitu. Mchoro wa klasi unasema kuna nini, hausemi kunatokea nini, kwa hiyo mashine inakupa mifupa na nyama unaitia mwenyewe. Tena angalia ile 0..3: vifaa vingi vitaigeuza kuwa orodha ya vitabu tu, na kikomo cha vitatu kitapotea njiani bila onyo. Anayedhani kitabu cha nne kitakataliwa kwa sababu alichora hivyo, ajaribu kukiazima aone.

Ya pili ni mchoro wa hali, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayoweza kuzaa msimbo ulio hai na ndiyo wanafunzi wanayoiruka. David Harel aliichapisha mwaka 1987 katika umbo linalotumika hadi leo, baada ya kufanya kazi na wahandisi wa mifumo ya ndege ya kivita. Kanuni yake ni rahisi. Kitu kimo katika hali moja kwa wakati mmoja. Tukio likifika, kinahama kwenda hali nyingine au kinabaki kilipo. Hali ni kisanduku, kuhama ni mshale, na juu ya mshale unaandika tukio, sharti lake kama lipo, na kitendo kinachoambatana nalo.

Tuchore kitasa cha mlango kinachofunguliwa kwa namba ya siri. Hali zake ni tatu: Umefungwa, Umefunguliwa, Umezuiwa. Matukio ni manne: namba sahihi imeingizwa, namba mbaya imeingizwa, mlango umerudishwa, dakika 5 zimepita. Namba ikikosewa mara tatu kitasa kinazuia, na baada ya dakika 5 kinaachia. Mishale inakuwa mitano. Mtu mzoefu anaimaliza kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo anapotakiwa kusimama.

Chora jedwali pembeni: hali tatu kwa safu, matukio manne kwa nguzo, jumla vyumba 12. Mishale yetu mitano imejaza vyumba vinne tu, kwa kuwa miwili kati yake inatoka hali moja kwa tukio moja, namba mbaya, ikitofautiana kwa sharti. Vyumba vinane viko wazi, na kila kimoja kina swali lake. Namba sahihi ikiingizwa wakati kitasa kimezuia, kikubali au kikatae? Mtu akibonyeza namba mbaya mlango ukiwa wazi, ihesabiwe kuwa kosa? Katika kanuni za UML, tukio lisilo na mshale hutupwa kimyakimya, kwa hiyo chumba kilicho wazi nacho ni uamuzi. Afadhali uufanye wewe kuliko ufanyike wenyewe.

Sasa isome mishale yenyewe. Ule wa namba sahihi unahamisha hali kutoka Umefungwa kwenda Umefunguliwa. Je, hesabu ya makosa inarudi sifuri? Ukisahau, mwenye nyumba atakosea leo, akosee wiki ijayo, na siku atakayokosea mara ya tatu atazuiwa mlangoni kwake ingawa katikati amefungua vizuri mara mia. Mshale wa dakika 5 una mtego mbaya zaidi. Tuseme sharti uliloandika ni makosa == 3, na hesabu hukuirudisha sifuri kitasa kilipoachia. Kosa linalofuata ni la nne, nne si tatu, na kitasa hakitazuia tena kamwe. Mwizi mwenye subira ya dakika 5 tu anapata nafasi ya kujaribu hadi achoke. Katika mistari mia mbili ya msimbo kosa hilo linajificha vizuri mno. Katika mchoro wa mishale mitano unalisoma kwa kidole.

Mchoro ukisharekebishwa, kuuzalisha msimbo ni kazi isiyohitaji akili, na ndiyo maana mashine inaiweza. Kila hali inakuwa tawi, na kila mshale sharti ndani ya tawi, hapa kwa Python:

def pokea(self, tukio):
    if self.hali == "UMEFUNGWA":
        if tukio == "namba_sahihi":
            self.makosa = 0
            self.hali = "UMEFUNGULIWA"
        elif tukio == "namba_mbaya":
            self.makosa += 1
            if self.makosa >= 3:
                self.hali = "UMEZUIWA"
    elif self.hali == "UMEFUNGULIWA":
        if tukio == "mlango_umerudishwa":
            self.hali = "UMEFUNGWA"
    elif self.hali == "UMEZUIWA":
        if tukio == "dakika_5_zimepita":
            self.makosa = 0
            self.hali = "UMEFUNGWA"

Weka kidole kwenye mchoro na jicho kwenye msimbo, utaona vinakwenda sambamba. Ningemshauri kila anayeanza afanye tafsiri hii kwa mkono mara mbili tatu kabla ya kukabidhi kazi kwa kifaa, ili siku kifaa kitakapotoa kitu cha ajabu aweze kukibishia. Kwenye viwanda hali ni hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa: wahandisi huchora tabia ya mfumo katika programu za kuchorea za Simulink na Stateflow, na msimbo wa C unaokwenda kwenye kidhibiti unazalishwa kutokana na mchoro.

Matatizo huanza mtu anapotaka mabadiliko. Tuseme mwenye mlango anauliza: aliye ndani anatokaje? Hatukuweka mpini wa ndani. Mprogramu mwenye haraka atafungua faili la msimbo, aongeze mistari miwili, aondoke. Kuanzia dakika hiyo mchoro unasema uongo, na atakayezalisha msimbo upya atafuta ile mistari miwili bila kujua iliwahi kuwapo. Vifaa vimejaribu kulizuia hili kwa njia mbalimbali. Mfumo wa EMF wa Eclipse (programu ya kuandikia msimbo), kwa mfano, huweka alama ya @generated juu ya kila ulichozalisha, nawe ukibadilisha kitu kwa mkono unaiandika @generated NOT ili kisiguswe. Mimi naona ni salama zaidi kuutenga msimbo wako kwenye faili lake, faili lililozalishwa ulichukulie kama limepigwa muhuri, na kila badiliko la tabia lipitie kwenye mchoro.

Basi turudi kwenye mchoro. Lile jedwali lilituuliza kuhusu vyumba 12, lakini halikuwa na uwezo wa kutuuliza kuhusu tukio ambalo hatukulifikiria. Mpini ni nguzo mpya kabisa, na vyumba sasa ni 15. Kutoka Umefungwa, mpini unafungua. Kutoka Umezuiwa nako lazima ufungue, maana hakuna anayetaka kukwama ndani moto ukiwaka kwa sababu kuna mtu nje amekosea namba. Mishale miwili tu. Lakini fuata wa pili kwa kidole: mtu anatoka wakati kitasa kimezuia, mlango unarudi nyuma yake, hali inakuwa Umefungwa dakika 5 hazijatimia, na hesabu ya makosa ingali 3. Akikosea yeyote mara moja tu, kitasa kinazuia papo hapo. Je, ndivyo mwenye mlango anavyotaka, au hesabu ianze upya? Jibu hilo mprogramu hanalo, wala kifaa. Mchukulie mchoro ukamwulize.