Mtoto amelazwa kwa nimonia: tutakaa wodini siku ngapi?

Swali: Mwanangu ana miezi minane. Tumetoka Kongwa kwa rufaa kuja Dodoma mjini, ana nimonia kali. Wenzake nimewaacha kwa jirani. Tutatoka lini?

Jibu: Pole sana, mama. Siku kamili hatuwezi kukutajia leo, ila kukadiria tunaweza. Tunatazama kwanza oksijeni. Kifaa anachobanwa kidoleni kikisoma chini ya asilimia 90, atawekewa oksijeni, na haruhusiwi mpaka apumue vizuri bila mrija. Kisha tunatazama kunyonya: anayenyonya mwenyewe kwa kawaida hutoka mapema kuliko anayelishwa kwa mpira wa puani. Nimonia kali hutibiwa kwa antibayotiki za sindano, mara nyingi siku tano au zaidi. Mwambie jirani ajiandae kwa wiki nzima.

Swali: Mbona wa kitanda cha pili ametoka baada ya siku mbili?

Jibu: Huenda ugonjwa wake ulikuwa mwepesi. Wanaokawia zaidi ni walio chini ya miezi miwili, waliozaliwa njiti, wenye utapiamlo, VVU, selimundu au tatizo la moyo.

Swali: Bibi yake anasema akikatwa kimeo kikohozi kitaisha.

Jibu: Tafadhali, asikatwe. Nimonia iko kwenye mapafu. Kimeo hakina hatia yoyote. Wembe unaweza kumtoa damu nyingi au kumwingizia vijidudu vingine, na siku mnazozungukia kwa mkataji ndizo oksijeni inaposhuka. Tunaumia kumpokea mtoto aliyekatwa kimeo juzi na leo hawezi hata kunyonya, kwa sababu huyo ndiye atakayekaa sana wodini. Bibi anampenda mjukuu wake. Njoo naye tuzungumze.

Swali: Akikohoa tena nyumbani, nijuaje kwamba ni hatari?

Jibu: Akiwa ametulia, mfunue kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kuanzia miezi miwili hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Ukiona kifua kinabonyea chini ya mbavu, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, ondokeni mara moja, hata usiku. Beba na kadi ya kliniki, tuone kama chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, 10 na 14 alizipata zote.