Evolisyo na fundi wa chukudu: nani anabuni zaidi?

Evolisyo, ao mageuzi ya viumbe, batu bengi banafikiriaka ni hadisi ya nyani tu. Kumbe kwanza ni namna ya kubuni bintu vipya bila mutu wa kuvipanga: mutoto anazaliwa na tofauti kidogo, ile inamusaidia kuishi na kuzaa inabakia, ingine inapotea, basi. Na hiyo tu inatosha. Angalia ziwa yetu Kivu, kuko samaki za Haplochromis aina kama 15 zenye haziko fasi ingine, na ndugu zao za ziwa Viktoria ni mamia, zimetokea kwa miaka kama 15.000 hivi, ni juzi tu kwa mambo ya viumbe.

Sasa, asili iko na shida moja: haiwezi kubomoa ianze upya, juu munyama lazima aishi kila kizazi. Muone twiga, ndugu wa okapi yetu. Mushipa wa neva wenye kuongoza sauti unatoka ku kichwa, unashuka mupaka karibu na moyo, unazunguka mushipa wa damu kisha unapanda tena ku koo, mita kama 4, na safari yenyewe ingetosha sentimita chache! Kwa mababu yenye kufanana na samaki njia ilikuwa fupi, shingo ikarefuka polepole, neva ikafuata tu.

Fundi wa chukudu (ile kinga ya mbao ya kusukuma, ya kubeba mizigo) hapa Goma yeye anatwala mbao ya kalitusi, mupira wa pine ya zamani, rulema ya motokari, wengine banaweka na resori, anaunganisha. Mbao na motokari havina babu mumoja lakini vinakutana mu kitu moja, na hapo kwangu njo tofauti kubwa kabisa, okapi haiwezi kuomba samaki mapezi. (Ila bakteria zenyewe zinapeana jeni, ni kusema maagizo ya urithi, njo sababu moja dawa zinashindwa haraka.)

Lakini musidanganyike, na fundi naye hakuanza na sifuri, anaiga chukudu ya jana anageuza kidogo. Na teknolojia pia inafungwaka na zamani yake. Ile klavye ya AZERTY ya ordinatere mu biro ilitokea ku mashini za kuandika za karne ya 19, zile mashini zimekwisha, herufi zimebakia palepale. Hapa kungekuwa mutu wa kubadirisha, shida vidole vya batu bote vimeisha kuzoea.