Tundu la riveti na hewa ya chumvi: kwa wanaojiundia ndege ndogo Mombasa

Anayejiundia ndege ndogo kwa vipande vilivyotoka kiwandani hufanya kazi ambayo sehemu yake kubwa hufungwa isionekane tena. Bati la bawa likishapigwa riveti, yaani vijiti vifupi vya metali vinavyopitishwa tunduni na kugongwa ncha mpaka itanuke na kushika, juu ya mbavu na boriti kuu, kilichoachwa ndani hakirekebishiki ila kwa kuzitoboa riveti hizo moja moja. Ndiyo maana wakufunzi wa ufundi wa ndege tunasisitiza mno hatua zinazotangulia riveti, na hapa pwani tunasisitiza zaidi.

Ndege nyingi za aina hii, zikiwemo za RV za kampuni ya Van's Aircraft ya Marekani, hufunikwa kwa bati la aloi ya alumini iitwayo 2024-T3, ambayo huwa na nguvu kwa sababu imechanganywa na shaba. Shaba hiyo hiyo huifanya aloi ishambuliwe upesi na chumvi, kwa hivyo bati huvikwa pande zote mbili tabaka jembamba la alumini safi. Hata hivyo, kila tundu linalotobolewa na kila ukingo unaokatwa huiacha aloi wazi. Wakazi wa Nyali na Likoni wameona jinsi paa la mabati linavyoanza kuliwa penye msumari. Bawa nalo huanzia penye riveti.

Tundu la riveti ya inchi 3/32 hutobolewa kwa keekee namba 40, na la riveti ya inchi 1/8 kwa namba 30. Baada ya kutoboa, vipande vitenganishwe tena, ijapokuwa vimekwisha kukaa sawa na mjenzi anatamani kuendelea. Makali yaliyobaki ukingoni mwa tundu huyazuia mabati mawili kulaliana barabara na huweza kuanzisha ufa, basi yaondolewe kwa mkono mwepesi bila kulipanua tundu. Kisha bati lisafishwe mafuta na kupakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku kavu, kwa kuwa unyevu wa masika ukinaswa chini ya rangi huifanya ibambuke.

Katikati ya tundu pawe mbali na ukingo wa bati angalau mara mbili ya kipenyo cha riveti. Kichwa kinachoundwa kwa kugonga kiwe na upana wa mara moja na nusu ya kipenyo hicho, na kimo cha nusu yake. Riveti yenye kasoro ndogo, ikiwa bado imo ndani ya kiwango kinachokubalika, afadhali iachwe, kwani kuitoa vibaya huligeuza tundu kuwa la umbo la yai.

Bolti za duka la vifaa vya ujenzi zisitumike kamwe, hata zikiingia sawasawa. Bolti za ndege hupakwa kadimi, metali ambayo hupunguza ugomvi kati ya chuma na alumini. Metali hizo mbili zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa. Panapozunguka, kama kwenye bawaba za usukani, nati ifungwe kwa pini, wala isitegemewe ile inayojikaza kwa plastiki.

Kabla ya kuagiza vipande, mjenzi aulize masharti ya usajili na ukaguzi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Na mkaguzi aitwe bawa likiwa bado wazi upande mmoja, pamoja na daftari na picha za kila kiungo kilichokwisha kufungwa.